Ulaya ya zama za kati: ni mapadri peke yao waliojua kuandika?

Mwanagenzi:
Wakuu, salaam. Darasani tumeambiwa Ulaya ya zama za kati kalamu ilikuwa kwa mapadri na watawa tu, wengine wote hawajui hata herufi. Ni kweli? Na maandishi yalienea vipi?

Mzee wa Masijala:
Mwanangu, hiyo ni nusu ya habari. Kanisa lilishika kalamu kwa karne nyingi, sawa, lakini kilichoyasambaza maandishi ni serikali na mali. Mimi nimekula chumvi nyingi masijala, kwa hiyo huwa naiangalia Uingereza. Kuanzia 1199, enzi za mfalme John, ofisi ya hati ikawa inaweka nakala za hati zinazotoka, kwenye magombo ya ngozi ya kondoo. Ukitaka kujua kazi ilivyoongezeka, tazama lakiri ya mihuri: mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ile ilitumia chini ya kilo 2 kwa wiki, mwishoni mwa miaka ya 1260, zaidi ya kilo 14. Barua ngapi hizo! Hata mkulima mdogo akaanza kutaka hati ya shamba lake, maana kwenye kesi karatasi ya ngozi ilizidi kuwa na uzito. Hakuisoma mwenyewe, alisomewa. Tusilidharau hilo.

Binti Pangani:
Shikamoo mzee. Na wanawake je? Watoto?

Mzee wa Masijala:
Marahaba binti. Hapo twende Novgorod, Urusi. Tangu 1951 wachimbuaji wa mambo ya kale wanatoa topeni vipande vya magome ya mti vilivyokwaruzwa herufi kwa kijiti cha chuma au mfupa. Vimeshapita 1,000. Sala zimo, ila vingi ni madeni, bei na maagizo ya nyumbani, kwa lugha yao wenyewe. Wanawake wanaandikiwa, nao wanatuma barua.

Ninayempenda zaidi ni Onfim, mtoto wa karne ya 13, anayekadiriwa miaka 6 au 7. Kwenye kipande kimoja kaanza alfabeti, kafika herufi ya kumi na kitu, kaiacha. Kachora mpanda farasi anamchoma adui mkuki, na pembeni kaandika jina lake: Onfim.

Mwanagenzi:
Kwa nini Novgorod tu?

Mzee wa Masijala:
Si huko tu, Smolensk na Staraya Russa vimepatikana pia. Tope la Novgorod limejaa maji, hewa haipiti, gome haliozi. Penye ardhi kavu gome limeshaoza zamani, hata kama watu waliandikiana kila siku.