MREJESHO: Behewa la kwanza la modeli ni la makontena

Wakuu, nawashukuru kwa ushauri. Kwa waliokosa: niliuliza nianze kutengeneza behewa gani la mizigo kwa kipimo cha 1:87 (dogo mara 87 kuliko la kweli), la mafuta, la boksi (lililofungwa pande zote) au la makontena.

Wengi mlisema la mafuta, kwa sababu linapendeza. Ni kweli. Ila tangi ni duara, na printa ya 3D huacha mistari juu ya mviringo. Kuisugua yote kwa msasa ni adhabu. Nimechagua la makontena.

Sababu kubwa ni fremu. Fremu ya chini na bogi zake (vigari vya magurudumu vinavyoibeba) nikishazichora vizuri, naweza kuzifupisha au kuzirefusha nikapata mabehewa mengine. Tena kontena la futi 40 kwa kipimo hiki ni sentimita 14, na yapo ya plastiki yaliyo tayari. Behewa tupu ni jepesi mno, linaruka reli kwenye kona, kwa hiyo uzito naficha ndani ya kontena.

Yule aliyeuliza kama ni mabehewa ya TRC (Shirika la Reli Tanzania) au ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia): yote mawili. Upana wa reli ya zamani ya TRC, mita moja, ukigawa kwa 87 ni milimita 11.5, na ule wa TAZARA, milimita 1,067, ni 12.3, hivyo njia ya milimita 12 inazibeba zote bila jicho kulalamika.

La boksi linafuata. Mwenye picha za breki za chini yake, anirushie.