Taa ya injini kwenye gari la zamani: kuhesabu taa, ELM327 au skana kubwa?

Mita_Mkononi
Wakuu, naomba tulinganishe. Magari ya kati ya 1992 na 2002 hivi, taa ya injini imewaka. Njia naona ziko tatu: kuunganisha pini kwa kipande cha waya na kuhesabu taa inavyopepesa, kile kidude cha ELM327 (kinachomekwa garini na kutuma data kwenye simu), au kumpelekea fundi mwenye skana kubwa. Ipi inatoa jibu la kuaminika? Na je, kukiwa na tundu la pini 16 chini ya dashibodi, ELM327 itasoma tu?

FundiEthi
Tundu si ushahidi, mkuu. Marekani ililazimisha OBD-II (mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu za gari) kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli. Magari mengi ya miaka ya 90 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana tundu hilohilo, ila lugha inayopita humo ni ya kiwanda chenyewe. Kidude kitawaka, kwa sababu pini 16 inakipa umeme wa betri na pini 4 na 5 ni ethi (upande hasi wa betri), halafu programu ya simu inazunguka mpaka inakata tamaa.

Kabla ya kununua chochote, chungulia tunduni kwa tochi. Kila lugha ya mawasiliano ina pini zake. Chuma kikiwepo kwenye 6 na 14, hiyo ni lugha ya CAN (kwa umri huu ni nadra). Kwenye 7 ni K-line, kwenye 2 ni J1850. Zote nne zikiwa tupu, ELM327 achana nayo. Ukiona 7 ina chuma, una matumaini, hujapata uhakika.

Na kidude kisipowaka kabisa, usilaumu kidude: pini 16 mara nyingi inachangia fyuzi na kiberiti cha sigara.

Boneti_Wazi
Kwa Toyota za kipindi hicho, kuhesabu taa ndiyo njia ya kwanza na haina gharama. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Gari liwe kwenye P au N, AC na taa zimezimwa, usikanyage mafuta. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi mpaka ON bila kupiga stata.

Taa ikipepesa harakaharaka bila kusita, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna msimbo (namba ya hitilafu). Ukiwepo, inahesabu tarakimu: mbili, inapumzika sekunde moja na nusu, mbili tena. Hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikiwa ipo zaidi ya mmoja, inaanza na mdogo na kuacha sekunde mbili na nusu kati yake. Andika kwenye karatasi, rudia raundi tatu. Wengi wanachanganya 12 na 21 kwa kuanza kuhesabu katikati.

Angalizo: kiboksi hichohicho kina +B, ambayo ni umeme wa betri. +B na E1 zikigusana umepiga shoti.

Kama kiboksi hakipo ila kuna tundu la pini 16, kwa Toyota nyingi unaunganisha 13 na 4. Honda wana plagi ndogo ya nyaya mbili chini ya dashibodi upande wa abiria. Hapo mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja.

Skana_Mkubwa
Sawa, ila tuseme na upungufu wake. Hiyo 22 inakwambia saketi ya sensa ya joto ina tatizo, basi. OBD-II inatenganisha: P0117 ni volti ya chini mno, maana yake waya umegusa ethi au sensa ina shoti ndani. P0118 ni volti ya juu mno, waya umekatika au plagi imelegea. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi.

Jifunzeni pia kusoma msimbo wenyewe. P ni injini na gia, C ni breki na stering, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0 msimbo ni wa wote, ikiwa 1 ni wa kiwanda. P1 ya Honda usiisome kwa orodha ya Nissan. Ya pili inataja mfumo: 1 hewa na mafuta, 3 kuwasha na kumisi (silinda kukosa kuwaka), 4 moshi, 7 gia.

Mita_Mkononi
Kwa hiyo P0118 ikitoka, nanunua sensa?

FundiEthi
Hapana! Msimbo unataja saketi, na saketi ina sensa, plagi, nyaya na kontroli boksi (kompyuta ya injini). Chomoa plagi ya sensa. Kwa kidude kinachosoma data, joto litaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa unganisha matundu mawili ya plagi kwa waya mwembamba. Joto likiruka hadi juu kabisa, nyaya na kompyuta ni nzima, sensa ndiyo imekufa. Likibaki kwenye baridi, waya umekatika mahali, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Huna skana? Pima sensa yenyewe kwa mita ya umeme, kwenye kipimo cha ohm. Kwa Toyota, ikiwa baridi, nyuzi 20 hivi, tarajia ohm 2,000 hadi 3,000. Nyuzi 80, ohm 200 hadi 400. Ndiyo maana mimi ningenunua mita kabla ya skana.

Skana_Mkubwa
Kwa sensa sikatai. Ila P0171, mchanganyiko wenye mafuta kidogo, kwa mita utahangaika. Hapo ELM327 inashinda kwa sababu inaonyesha marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Injini ikiwa ya moto, soma marekebisho ya muda mrefu ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), kisha ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikitoka +18% na kushuka hadi +4%, hewa inaingia pasipotakiwa: mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) imechoka. Ikiwa ndogo sailensa na kupanda ukikanyaga, angalia filta na pampu ya mafuta. Ikiwa juu kotekote, anza kusafisha sensa ya hewa. (Hii ni kwa injini zenye sensa ya hewa. Zenye sensa ya presha ya manifoldi, hewa ikivuja mara nyingi mizunguko ya sailensa ndiyo inapanda.)

Mawasiliano ya K-line ni polepole. Chagua data tatu au nne tu kwa wakati mmoja, la sivyo namba zitakuja zimechelewa na utasoma uongo.

Skana kubwa, mwachie mwenye nayo, kwa kazi za ABS (breki zisizofunga tairi), eabegi na gia, au unapotaka kuamrisha kifaa kiwake na kuzima. Nyaya za eabegi usiziguse kwa mita: mkondo wa kipimo cha ohm unaweza kuilipua.

Mita_Mkononi
Na kufuta? Nitoe betri?

Boneti_Wazi
Andika kwanza misimbo yote, na kama ni OBD-II hifadhi ile picha ya data ya wakati hitilafu ilipotokea, maana ukifuta inapotea nayo. Kwa Toyota za kuhesabu taa, zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta wa kupiga mafuta) ya ampea 15 sekunde 30, rudisha. Betri iache, redio yenye namba ya siri itakufungia. Kisha endesha mpaka injini ipate joto kamili na uhesabu tena. Msimbo unaorudi palepale swichi ikiwa ON tu, anza na plagi na nyaya. Unaorudi baada ya kilomita kadhaa, tafuta kinacholegea kikipata joto.