Redio inayosikika nchi nzima imemfanya baba yangu aache dawa ya macho

Wakuu, habari za humu. Sina kawaida ya kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, naondoka. Leo nimefungua kwa sababu nina hasira na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Baba yangu yuko Mpwapwa, ana miaka 74. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda zamani, la kulia lilikuwa limebaki linaona mwanga na vivuli vya watu. Miaka sita amekuwa akidondoshea dawa asubuhi na jioni. Daktari wa macho alitueleza bila kutuficha: kilichopotea hakirudi, kazi ya dawa ni kulinda hicho kidogo kilichobaki. Nimeenda likizo mwezi huu nikaikuta ile chupa ya matone dirishani, imeshika vumbi. Pembeni yake zimepangwa chupa mbili za lita moja moja, maji ya rangi ya chai, hazina hata karatasi ya kuonyesha zimetengenezwa wapi.

Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, redio imesema."

Jina la redio silitaji. Ni redio ya mazungumzo na inashika karibu kila mkoa. Mchana ina kipindi wanachokiita cha afya. Mtangazaji anamkaribisha mtu na kumwita daktari, wanaulizana na kujibizana kama majirani, watu wanapiga simu kutoa shukrani, halafu namba ya kutumia pesa inasomwa mara tatu, polepole, hata asiyeona ataishika. Baba aliishika. Akamwagiza mdogo wangu atume sh 85,000, mzigo ukaja kwa basi. Huyo "daktari" akamwambia kwa simu asichanganye na dawa za hospitali. Wiki tano mzee hajadondoshea kitu.

Kuna ambao mtasema mzee wako naye kazidi kuamini. Kabla hamjasema hivyo, jueni alikojifunzia kuamini.

Mwaka 1973 alikuwa kijana wa miaka 22. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), redio ya serikali, wakajadiliana, wakainuka kwenda kufanya walichosikia. Kikundi cha baba kilikuwa na redio moja, ya mwalimu, wakikaa kivulini nje ya darasa. Wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji ya kunywa. Hadi leo anakumbuka kina cha shimo la choo alilochimba mwenyewe na jina la kila aliyekuwa kwenye kikundi, na wengi wao wameshatangulia. Anasema kuharisha kwa watoto kulipungua pale kijijini, akaona kwa macho yake, wakati huo macho anayo. Kwa mtu huyo, "redio imesema" ni neno zito. Imani hiyo ilijengwa na watu waliofanya kazi yao kwa uaminifu, na hawa wa leo wanaikodisha kwa saa.

Nikaamua nikae naye siku nzima, nisikie anachosikia. Nilichukua daftari. Alfajiri dini na salamu, sawa. Halafu magazeti, na katika magazeti walichosoma kwa kirefu ni kurasa za michezo. Kutoka hapo mpira mpaka karibu saa tano, Simba na Yanga, nani anasajiliwa, nani kagombana na kocha, na kila baada ya dakika chache odi za kubeti na mkeka wa leo. Saa sita taarifa ya habari, dakika kumi, imekatwa katikati na tangazo la mkopo wa simu. Kisha huyo wa chupa. Alasiri umbea wa wasanii, nani kaachana na nani. Jioni mpira tena. Usiku muziki, na katikati ya muziki yule wa chupa akarudi, safari hii anatibu kisukari na ugumba.

Hakuna mkulima. Hakuna mtoto. Mpwapwa mvua zilikuwa zimechelewa, watu wanaulizana wapande mtama au wasubiri, na redio inayojiita ya Watanzania wote haikutamka neno mbegu tangu jua linachomoza hadi mzee analala.

Siku moja ya RTD ya zamani ilikuwa kama gulio, kila mtu anaondoka na chake. Alfajiri kipindi cha Majira. Wagonjwa walikuwa na Ugua Pole, na waliowahi kulazwa wodini wanajua maana ya kusikia jina lako likisomwa hewani. Watoto tulikuwa na Mama na Mwana, Debora Mwenda akisimulia sisi tumekaa chini kimya. Wapenda kucheka walikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Washairi walikuwa na nafasi yao, mkulima yake. Matangazo ya vifo yakianza, nyumba nzima inanyamaza, maana ndipo ulipojulia kwamba mjomba hayupo tena. Baada ya taarifa ya habari kulikuwa na Mazungumzo Baada ya Habari, mtu anaeleza jambo moja mpaka unalielewa.

Na chukueni Twende na Wakati, mchezo ulioanza 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, yule Mkwaju dereva wa lori. Sisi wa Dodoma hatukuupata hewani hadi 1995, kwa sababu watafiti walitaka kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Wakakuta kweli waliousikia walibadilika. Kwa hiyo hili la kusema redio ni burudani tu, nani anafuata, msiniletee. Ilipimwa, na ilipopimiwa ni mikoa yetu.

Najua RTD ilikuwa mdomo wa serikali na chama, mwenye mawazo tofauti hakusikika. Kweli kabisa, na siombi hilo lirudi. Wala sipingi tiba asili, bibi yangu ametutibu kwa mizizi na hakumwambia mtu yeyote atupe dawa ya hospitali. Ninachopinga ni tangazo la biashara kuvishwa koti la daktari na kupewa sauti ya mtangazaji tunayemwamini. Ni tangazo? Liitwe tangazo, mwanzo na mwisho. Na huyo mtu, nani alimhakiki kabla hajafunguliwa kipaza sauti?

Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Tuna TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, na Kamati yake ya Maudhui. Barua nimeshaandika mbili, na kurasa za daftari nimeambatanisha, saa kwa saa. Kituo chenyewe nilipiga simu. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, simlaumu. Akaniunganisha na mtu wa masoko. Nalalamikia kipindi cha afya, naunganishwa na masoko! Yule bwana akaniambia muda ule umelipiwa na mteja, wao hawahusiki na yanayosemwa.

Juzi tumempeleka mzee hospitali. Presha ya jicho imepanda sana, dawa imeanza upya na imeongezwa nyingine. Zamani nikisimama mlangoni alikuwa anasema "karibu" kabla sijafungua mdomo, kivuli changu kinamtosha. Sasa anauliza nani.

Njiani kurudi aliniuliza kama redio ya nchi nzima inaweza kusema uongo mchana kweupe na watu wakaiacha. Sikuwa na la kumjibu.

Kipindi kinarudi Jumanne saa nane mchana. Mwenye uwezo wa kurekodi arekodi, anitumie PM niambatanishe kwenye barua ya tatu.