Nihame chuo au nimalizie hapa hapa?

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninamaliza mwaka wa pili wa shahada ya kemia, na matokeo yangu si mabaya. Lakini idara yetu imepungukiwa wahadhiri, na masomo ya vitendo yamegeuka kuwa kumtazama msimamizi akifanya jaribio huku sisi tukinakili matokeo yake. Chuo kingine kimekubali kunipokea. Wazazi wanasema nivumilie kwa kuwa nimeshafika katikati. Nipime nini kabla ya kuamua?

Jibu la kwanza: Kupokelewa ni jambo moja, na kutambuliwa kwa masomo uliyokwisha kusoma ni jambo jingine. Chuo kinaweza kukubali krediti zako zote (yaani vipimo vya uzito wa kila kozi) kisha kikazihesabu kuwa za kozi za hiari, nawe ukalazimika kurudia kemia ogania kwa sababu tu muhtasari wa kozi yako hautaji mada fulani. Kwa hiyo usipeleke hati ya matokeo peke yake. Ambatisha mihtasari inayoonyesha mada na saa za maabara, kisha iombe idara yenyewe, si ofisi ya udahili pekee, ikujulishe kwa maandishi kila kozi yako itachukua nafasi ya ipi. Idadi nayo hupotosha: katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, ilhali vyuo vingi vya Marekani huhesabu takriban 30. Uliza pia ni kiasi gani cha masomo ambacho ni lazima ukisomee kwao ndipo wakutunuku shahada.

Jibu la pili: Wazazi waheshimiwe, ila hoja yao ina kasoro, kwani miaka miwili iliyopita imekwisha kutumika, ubaki au uhame, cha kupimwa ni hiyo iliyobaki. Mimi ningehofia zaidi kwamba unachokikimbia huenda utakikuta huko. Tembelea maabara yao siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wageni, umuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni lini mara ya mwisho alishika bureti, ile mirija ya maabara ya kupimia kimiminika, kwa mkono wake. Kama una ufadhili, soma masharti yake, maana upo unaofungamana na chuo badala ya mwanafunzi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nitaomba mihtasari kwa mkuu wa idara kabla ya likizo. Na wakinitaka nirudie kozi mbili, bado itafaa kuhama?

Jibu la kwanza: Itategemea ni zipi. Zikiwa hazizuii kozi nyingine, utazisoma sambamba na za mwaka wa tatu, japo kwa jasho. Lakini mojawapo ikiwa sharti la kuingilia kozi za mwaka wa tatu, na ikawa hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, basi unaweza kuchelewa mwaka mzima. Kwa hiyo, pamoja na barua yao, waombe ratiba ya mihula.