Gereji inakuuzia hosipawa 640 halafu inakausha kuhusu klachi, shafti na giaboksi

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi na leo naitoa yote. Niko Houston, Texas, kazi yangu ni lori za masafa, na hela niliyoweka kwenye hili gari ni ya kukesha barabarani, sikuiokota. Gari ni V8 la Kimarekani, manyuali spidi sita, nyuma kila tairi lina shafti yake. Gereji siitaji jina, na gari silitaji pia kwa sababu kiwanda hakijanikosea kitu, kiwanda kilitoa gari na nguvu zake na vyuma vya kubeba nguvu zile zile. Walionikosea ni wale walioniuzia nguvu za ziada juu yake wakanyamaza.

Mwaka jana nilienda pale nafunga supachaja, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi ili itoe nguvu zaidi. Seti dola 7,800, kufunga na kuseti kompyuta 2,200, jumla elfu kumi kamili. Nikauliza kwa mdomo wangu, pale kaunta, wapo watu watatu wanasikia: klachi na shafti za nyuma zitahimili? Jamaa akaniambia usiwe na wasiwasi haya magari ni magumu. Nikalipa. Wakaliweka kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, likasoma hosipawa 640 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni mita 780, wakapiga picha wakaposti kwenye ukurasa wao, mikono mabegani kabisa kama tumekua wote.

Wiki ya tatu niko haiwei gia ya nne nakanyaga mafuta, mshale wa RPM unapanda mpaka elfu sita na gari liko pale pale, na ndani inaingia ile harufu ya klachi iliyoungua ambayo dereva yeyote wa lori anaijua hata akiwa usingizini. Nimerudi, jamaa wala hashtuki, ananiambia "ah, hiyo huwa inatokea ukishafunga supachaja." HUWA INATOKEA. Kama huwa inatokea kwa nini sikuambiwa siku nauliza?? Wakanifunga klachi ya pleti mbili, dola 1,900 na ufundi.

Sasa hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu hapa walikuwa wanajua kabisa wanachofanya. Ile klachi ya mwanzo kwa kuteleza kwake ilikuwa inafanya kazi ya fyuzi. Nguvu ikizidi klachi inateleza, inaungua yenyewe, vyuma vya nyuma vinabaki salama. Ukiweka klachi inayong'ata na haiachii, ile nguvu haijapotea, imehamia kwenye kifaa kinachofuata. Na tairi nalo ni hivyo hivyo, kwenye lami ya kawaida tairi la kawaida linazunguka bure na ule mshtuko unaishia kwenye moshi. Wao hao hao wakaniuzia na matairi laini ya mashindano! Yaani wameondoa fyuzi zote mbili kwa mkono wao, wamechukua hela kwa zote mbili, halafu hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema kaka sasa angalia shafti zako.

Basi Jumamosi ya kwanza ya mashindano, uwanja wa robo maili, lami imemwagiwa gundi mpaka kiatu kinanata ukikanyaga. RPM elfu nne na nusu, nikaachia klachi. Gari likarukaruka upande wa nyuma mara tatu nne, du du du du, tairi linang'ata linaachia linang'ata tena, halafu ukasikika mlio mmoja kama mtu kapiga reli kwa nyundo. Injini inalia, gari limesimama. Shafti ya kushoto imekatika. Ninayo hapa mezani ninavyoandika, yale meno yake ya mwisho hayajanyooka tena, yamejisokota kama kamba ya katani mpaka pale ilipokatikia. Chuma kinene kile!

Na hesabu yake sio siri ya wahandisi. Gia yangu ya kwanza inazidisha toki mara 2.66, difu mara 3.73. Chukua 780 zidisha kwa 2.66 zidisha kwa 3.73 unapata kama niutoni mita 7,700 zinazofika nyuma, hapo bado hujaweka ule uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inayozunguka unapoachia klachi ghafla, na bado hujaweka kule kuruka kwa tairi. Otomatiki ina toki konveta, nguvu inapita kwenye oili kwanza, ule mshtuko unalainishwa. Manyuali ni chuma kwa chuma. Mtu anayekula kwa kazi hii hawezi kuniambia hajui.

Shafti mbili mpya za nguvu zaidi, dola 2,300. Na jibu ni lile lile, "hizo huwa zinakatika." Safari hii akaongeza eti nimeachia klachi vibaya. Kaka mimi naendesha manyuali tangu Tanga, nimejifunzia kwenye Scania 113 ya baba mdogo, hosipawa 360 tu lakini propela shafti yake, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka difu, nene kama paja, kwa sababu waliolitengeneza walipiga hesabu ya toki. Baba mdogo kabla ya safari alikuwa anaingia chini anatikisa krosi za propela, vile viungo vyake, kwa mkono, injini ndio anaitazama mwisho.

Na Wamarekani wenyewe walilijua hili zamani! Mwaka 1970 ukinunua Dodge Challenger au Plymouth 'Cuda yenye injini ya 426 Hemi na giaboksi ya manyuali spidi nne, kiwanda kilikuwa kinakuwekea ekseli ya Dana 60 yenye krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, ya inchi 9¾, kitu cha kwenye maroli madogo, na injini yenyewe ilitangazwa hosipawa 425. Dodge walipotoa Demon ya 2018, hosipawa 808, waliimarisha propela shafti na shafti za nyuma na hawakuiuza na manyuali kabisa, ni otomatiki ya gia nane tu. Ford Shelby GT500 ya 2020, hosipawa 760, nayo haina pedali ya klachi. Viwanda vyenye mainjinia mia wanapiga hesabu ya kila chuma kabla ya kuuza, gereji ya mtaani inafunga supachaja mchana mmoja na kukwambia usiwe na wasiwasi.

Jumamosi iliyopita ndio imenimaliza. Gia ya pili kwenda ya tatu ikaanza kusaga, kisha ya tatu ikakataa kukaa, nikiachia mafuta inatoka yenyewe. Nikamwaga oili ya giaboksi mwenyewe nyumbani kwenye beseni, oili inang'aa rangi ya fedha, na ile nati ya chini yenye sumaku imeota manyoya ya chuma na vipande viwili vya jino la gia, kimoja sawa na punje ya hindi. Nimewapigia, dola 4,100, na nyie mshajua alichosema. Huwa inatokea.

Jumlisheni, 1,900 na 2,300 na 4,100 ni 8,300 juu ya ile elfu kumi. Siku ya kwanza wangeniambia mzee kazi hii kamili ni elfu kumi na nane, klachi, shafti na giaboksi ndani, ningelipa au ningeacha, ningekuwa nimeamua mwenyewe. Hiyo 4,100 siwapi. Nimewaandikia barua nataka warudishe hela ya ufundi wa klachi na wanipe kwa maandishi kikomo cha toki cha kila kifaa walichofunga, wiki hii ya pili hawajajibu.

Mwenye uzoefu wa kuwapeleka watu wa namna hii kwenye mahakama ya madai madogo hapa Texas anishtue inbox. Na kama kuna mtu amefunga supachaja kwenye manyuali na giaboksi bado nzima, aseme alibadilisha nini kwanza. Picha za shafti na lile jino naweka nikitoka zamu.