Michezo ya maneno kwa marudio ya Uchumi: upi unafaa kwa kazi ipi?

Kidawa_Chaki
Habari zenu walimu. Nafundisha Uchumi sekondari na mtihani umekaribia. Kusomeana daftari kumeshawachosha wanafunzi, nataka marudio yaende kwa michezo ya maneno. Nilionayo ni minne: fumbo la maneno (lile la miraba), bingo ya istilahi, maneno marufuku, na kung'oa neno lisilohusika. Vipindi vilivyobaki havitoshi yote. Upi unajenga uelewa kweli, na upi unachangamsha darasa tu?

Mzee wa Ubao
Karibu mwalimu. Kwanza tazama wanafunzi wako wanakwama wapi. Fumbo la miraba linapima kitu kimoja: mwanafunzi akipewa maana, analikumbuka jina? "Soko lenye muuzaji mmoja tu, herufi kumi." Anaandika ukiritimba, anasonga mbele. Hataulizwa kwa nini muuzaji huyo anaweza kupunguza kiasi na kupandisha bei. Wape wakafanyie nyumbani, usiliharibie kipindi.

Bingo inategemea unasoma nini. Ukitaja "ruzuku" nao wakatafuta "ruzuku" kwenye kadi, umepima masikio. Soma hali yenyewe: "Serikali inamlipa mzalishaji sehemu ya gharama zake." Hapo lazima wafikiri.

Neema wa Grafu
Mimi nasimama na maneno marufuku. Kadi ina istilahi juu, na chini yake maneno ambayo mwelezaji haruhusiwi kuyatamka. Ana dakika moja kundi lake lipate jibu. Siri iko kwenye kupanga hayo marufuku: zuia yale yale yaliyomo kwenye fasili waliyokariri.

Mfano, gharama ya fursa. Nilizuia gharama, fursa, kuchagua, kuacha na mbadala. Binti mmoja akaanza: "Una saa mbili jioni. Ukitazama mpira, kile kilichokuwa cha pili kwenye orodha yako ndicho kimekugharimu..." Kundi pinzani likapiga meza, mzizi ni ule ule! Akatulia, akasema: "Ndicho ulichokikosa. Hicho kimoja tu, si vyote vilivyobaki." Hayo maneno ya mwisho ndiyo wengi huyaacha kwenye mtihani, wanajumlisha kila kitu ambacho mtu hakukifanya. Yeye aliyafikia kwa sababu njia ya kukariri ilikuwa imefungwa.

Jabali77
Neema, mfano wako ni mzuri lakini nakupinga mahali pamoja. Kundi linaweza kupata jibu sahihi kutokana na maelezo mabovu. Kadi ni mfumuko wa bei, mtu anasema "nauli imepanda", wenzake wanapaza jibu, pointi imeingia. Nauli ni bei moja. Mfumuko ni kupanda kwa kiwango cha jumla cha bei, tena kwa muda. Mchezo umelipa kosa.

Ndiyo maana napendelea neno lisilohusika, kwa sharti kwamba pointi inatolewa kwa sababu, si kwa jibu. Jaribu hii:

kipato cha walaji / bei ya bidhaa mbadala / mapendeleo ya walaji / bei ya bidhaa yenyewe

Linalotoka ni la nne. Matatu ya kwanza huhamisha mstari mzima wa mahitaji (ule wa grafu unaoonyesha kiasi kinachonunuliwa kwa kila bei), hilo la mwisho hutusogeza juu ya mstari ule ule. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hilo kwa kinywa chake amevuka kikwazo kinachoangusha wengi kwenye mada hii.

Weka pia seti yenye majibu zaidi ya moja: kodi ya mapato, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa bidhaa. Mmoja atatoa kodi ya mapato kwa kuwa ni ya moja kwa moja, mwingine atatoa forodha kwa kuwa hutozwa bidhaa inapovuka mpaka. Wote wana haki. Mabishano yao ndiyo marudio yenyewe.

Kidawa_Chaki
Asanteni sana. Tatizo darasa ni kubwa. Nahofia watatu wataongea na wengine watakuwa watazamaji.

Mzee wa Ubao
Kabla ya yeyote kufungua mdomo, kila mmoja aandike jibu na sababu, vitabu vikiwa vimefungwa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006: katika jaribio mojawapo, baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka walikuwa bado na asilimia 56 ya maandishi waliyosoma, na waliorudia kusoma tu walikuwa na asilimia 42. Anayesikiliza wenzake wakijibu hajajipima.

Neema wa Grafu
Jabali, hoja yako naikubali. Dawa yake ni mwamuzi kutoka kundi pinzani mwenye fasili mkononi, na ruhusa ya kuinyima pointi "nauli imepanda". Na Kidawa, gawa makundi ya wanne wanne, kila kundi na kadi zake, michezo iende kwa pamoja. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Mwanagenzi_wa_Soko
Mimi ni mwanafunzi. Faida linganishi, yaani nchi kuzalisha kile inachokiacha kingine kidogo zaidi kuliko mwenzake, naieleza vizuri kwa maneno, ila swali likija na namba napotea.

Jabali77
Hapo mchezo wa maneno unaishia, mdogo wangu. Chukua namba za mwanauchumi David Ricardo za mwaka 1817, za watu wanaohitajika kuzalisha kiasi fulani cha kila bidhaa kwa mwaka. Uingereza: kitambaa watu 100, mvinyo 120. Ureno: kitambaa 90, mvinyo 80. Ureno inashinda kote kuwili, lakini gawanya: mvinyo wake unaigharimu 80/90 ya kitambaa, wa Uingereza 120/100, hivyo faida linganishi ya Ureno iko kwenye mvinyo, ya Uingereza kwenye kitambaa. Fanya hesabu hiyo kila baada ya kuieleza kadi.

Kidawa_Chaki
Basi naanza na neno lisilohusika kwa kuandika, maneno marufuku yenye mwamuzi wiki inayofuata, fumbo liende nyumbani. Bingo naiacha. Jabali, una seti ya sera ya fedha?

Jabali77
Hii hapa: riba ya benki kuu / akiba ya lazima ya mabenki / benki kuu kununua dhamana za serikali / matumizi ya serikali. Linalotoka ni la nne, ni sera ya bajeti, yaani ya kodi na matumizi ya serikali; matatu mengine ni ya benki kuu. Watakaotoa la tatu kwa kuona tu neno "serikali" ndani yake, kaa nao kwanza.