Opereshi za mgongo: tuhangaikie elektrodi elfu mbili au pampu ya dripu?

Wakuu, niko thieta upande wa usingizi, kuna ubishi kazini nimeona niulete hapa: wakati wa opereshi ya mgongo tufuatilie vipi neva za mgonjwa, asije akaamka amepooza. Mwaka 2022 watafiti wa San Diego, California, walitoa utando mwembamba wenye vielektrodi mpaka 2,048, wakaulaza juu ya ubongo wa wagonjwa wakiwa kwenye opereshi, na wazo hilohilo sasa linasogezwa kwenye uti wa mgongo (ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa), badala ya waya wenye ncha mbili tatu unapata ramani, unaona umeme wa neva unapita wapi na unakwama wapi. Daktari kijana mmoja hapa anataka tuanze kusaka wafadhili. Mi nasema bado.

Hata zile mashine za kawaida, zinazopiga umeme kichwani halafu unangoja mguu ustuke (meno unayawekea bunda la shashi, la sivyo ulimi unakatwa), gesi ya usingizi inazizubaisha na dawa ya kulegeza misuli ndo inazinyamazisha kabisa. Kwa hiyo lazima umlaze kwa propofol, dawa ya usingizi ya dripu, masaa yote, pampu isikate. Zetu ziko mbili, moja inapiga kelele mpaka uigonge kiganja. Tutengeneze hiyo kwanza. Halafu kile kipimo cha kumwamsha mgonjwa katikati ya opereshi, cha daktari Stagnara na wenzake, Ufaransa 1973, si kipo? Unapunguza usingizi, unamwita jina, "bana mkono wangu", akibana, "haya chezesha vidole vya miguu". Mikono ikabana na miguu ikagoma, vyuma vya kunyoosha mgongo vinalegezwa hapohapo.

JIBU: Mkuu unatetea shida tu. Ukishamwamsha ukamlaza tena, skrubu ikigusa neva nusu saa baadaye nani atakwambia? Na mtoto wa miaka mitatu utamwambia abane mkono? Mdogo wangu alinyooshwa mgongo, hospitali siitaji, kulikuwa hakuna mashine, aliamka mguu wa kushoto hauna habari na mpaka leo anatembelea fimbo. Kwa hiyo hiyo "bado" yako mi siielewi.

JIBU: Pole sana ndugu. Ila utando wa kulaza kwenye uti wenyewe unataka ule uti ufunuliwe, hiyo ni kwa wenye uvimbe ndani, mgongo uliopinda hatufiki huko. Kesi kama ya mdogo wako zinataka mashine ya kawaida NA mtu wa kuisoma. Kuna utafiti wa Marekani wa 1995, opereshi zaidi ya 51,000, timu zenye uzoefu wa kufuatilia neva zilipata wagonjwa wenye hitilafu za neva chini ya nusu ya timu changa. Na mashine wote walikuwa nazo hao!

MWENYE MADA: Hapo kwa mdogo wako umenishika, "bado" naifuta kwa mashine ya kawaida. Sasa huyo wa kusoma mistari tunamsomesha wapi, na akirudi nani atamzuia asihamie hospitali ya binafsi?